Wa Kukanyaga Breki

Fundi alikuwa akipanga bisibisi zake pale gari kuukuu la bluu lilipojisogeza uwanjani, likapiga honi moja fupi kama linaloomba radhi. Akashuka mzee asiyemjua, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Namtafuta fundi umeme."

"Umeshampata."

Mzee akachungulia nyuma ya fundi, kana kwamba yupo mwingine, kisha akajicheka mwenyewe. "Haya, binti. Taa zangu za nyuma zina wazimu. Nikikanyaga breki, inawaka indiketa. Na jioni hii namchukua mke wangu hospitali. Njia yetu ni ya malori, wasiponiona, tumekwisha."

"Utaondoka kabla jua halijazama," fundi akaahidi.

Gari lenyewe lilimchoma moyo. Lilikuwa pacha wa gari la marehemu baba yake, lililolala uani chini ya turubai. Taa za nyuma hazipimwi vizuri na mtu mmoja, na baba ndiye aliyekuwa akiketi kwenye magari ya wateja na kumkanyagia breki. "Nikanyage tena?" Akishuka huuliza, "Na langu lini, mwanangu?"

"Kesho, Baba."

"Kinyozi hajinyoi," baba hutania.

Kesho ikazaa kesho, mpaka baba akaondoka bila kuliendesha tena. Fundi alilimaliza baada ya mazishi, wakati halikuwa na wa kumfurahisha ila mama. Jumapili hii ndiyo angemtembeza mama nalo.

Alibadilisha balbu ya mzee, wapi. Fyuzi nzima. Mwishowe akaikandamiza breki kwa kijiti, akavuta waya kutoka kwenye kikalio cha balbu hadi kwenye bati la gari, na taa ikawaka vizuri.

"Umeme umekosa njia ya kurudi kwao," akasema. "Sasa unapitia kwa jirani, ndiyo maana indiketa inaamka."

"Kumbe hata umeme una umbea."

Akaanza kukwangua kutu. Kikalio, kilicholiwa kwa ndani, kikamvunjikia mkononi kama biskuti. Vya aina ile havipo tena madukani. Cha gari la baba alikihangaikia miezi. Jua lilishaanza kuukaribia ukuta.

Mzee akatazama vipande. "Basi, mwanangu. Nitakwenda polepole."

Fundi akaenda uani. Mama yake, aliyekuwa akianua nguo, akamwona anafunua turubai, bisibisi mkononi.

"Na Jumapili?"

"Nimemwahidi, Mama. Sijui kingine nitakipata lini."

Mama akakunja shuka, kona kwa kona. "Mimi nilishazoea kungoja na baba yako," akasema. "Nani atakukanyagia?"

"Nina kijiti. Nakibana kati ya breki na kiti."

"Kijiti." Mama akaweka nguo chini, akaenda kuketi kwenye gari la mgeni, mikono miwili kwenye usukani, kama mtu anayesafiri mbali.

Fundi alipomaliza kufunga kikalio cha baba, akachutama nyuma. "Kanyaga, Mama."

Taa nyekundu zikawaka, kulia na kushoto.

"Nikanyage tena?"

Hapakuwa na kasoro yoyote. Fundi akajifuta uso kwa mkono wenye kutu.

"Kanyaga tena," akasema.

Mzee akaondoka. Langoni akashika breki, na pande zote mbili zikawaka, jua lingali juu ya ukuta. Fundi akarudi uani kulifunika gari la baba, lenye tundu moja tupu nyuma.