Neno la Kujitambulisha

Fundi cherehani alipanda mlima na mabegi mawili na kiherehere cha bi harusi, ingawa ndoa yake ilikuwa na miaka miwili. Ilikuwa ndoa ya haraka, mashahidi wawili na soda, huko mjini bondeni, na tangu siku ile alimsumbua mumewe kwa jambo moja tu: nipeleke kwenu, mama yako anione, anikubali. Mume, fundi simu mwenye maneno matamu kuliko kazi yake, hakukosa kisingizio. Mara barabara imekatika, mara mama hana hali. Mwishowe visingizio vikamwishia, wakapanda.

Na milima ile, jamani, ina mambo. Kila kilima na mji wake, kila mji na lugha yake. Mji wa kwanza milango yote ni ya buluu na watu wanaongea kama wanaogombana. Mji wa pili, ng'ambo ya korongo tu, nyumba ni za mawe, watu wananong'ona, na hawaelewani na wale wa kwanza hata kwenye bei ya chumvi. Fundi cherehani aliuliza kila kitu, hiki nini, yule kavaa nini, hadi mumewe akachoka.

"Sasa sikiliza, mke wangu," akamwambia walipokaribia mji wa juu kabisa. "Kwetu Kiswahili hawakijui. Wakikuuliza wewe nani, sema 'tarumi'. Maana yake mke. Mengine niachie mimi."

"Tarumi," akarudia. "Tarumi. Tamu hiyo!"

Njia nzima iliyobaki akawa analikariri, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Mlangoni walisimama wawili: mama mkwe, mwembamba, macho makavu, na mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. "Huyo wifi yako," mume akasema. "Mjane, maskini." Fundi cherehani akapiga goti, akaweka mkono kifuani, akasema neno lake. Mama mkwe akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Kisha akaingia ndani, akatoka na ufagio.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye hata siku moja hakupewa, na bado alifurahi! Alijiambia, wananipima. Mume naye alimweleza hivyo hivyo: huku mke mgeni hushika kazi na kulala jikoni, wanaume hulala upande wa mbele, vumilia kidogo. Basi akafagia, akafua, akachota maji chini kwenye mteremko unaokata pumzi. Mtoto wa wifi alimwogesha na kumbembeleza kwa uchungu wa mtu ambaye hajajaliwa wake. Wifi alimwelekeza kwa kidole tu, hiki, kile, pale. Na kila jirani aliyechungulia, fundi cherehani alimuwahi kwa tabasamu: "Tarumi!" Jirani anatikisa kichwa, anapita zake. Mtu unatamani ungekuwapo umzibe mdomo kwa kiganja. Lakini ndiyo hivyo, asiyejua maana haambiwi maana.

Siku ya soko mama mkwe akamkabidhi kikapu na kumwonyesha njia. Soko lile ndilo linalokutanisha watu wa vilima vyote, kila mmoja na lugha yake na ubishi wake. Katikati ya makelele hayo fundi cherehani akasikia Kiswahili, nusura alie. Alikuwa muuza vifungo, mama mnene mcheshi aliyewahi kuishi bondeni.

"Karibu, mwanangu. Wewe wa nyumba gani?"

"Ile ya juu kabisa, mama. Mimi tarumi."

"Aa, kumbe ndiye wewe! Wanakusifu kweli. Lakini siku ya kupumzika wanakupa?"

"Kupumzika vipi?"

"Si kila mtumishi ana siku yake?"

"Mimi si mtumishi, mama. Mimi mke. Mke wa fundi simu."

Muuza vifungo akaacha kucheka. "Mke wa fundi simu namjua, harusi yake nimekula. Ndiye mwenye yule mtoto. Na tarumi, mwanangu, ni mfanyakazi wa ndani. Nani kakwambia vingine?"

Alipanda kilima mbio, kikapu kitupu. Mumewe alikuwa kizingitini na bisibisi, simu ya mtu imefumuliwa mapajani. Alipouona uso wake akainama zaidi juu ya kazi.

"Nieleze," fundi cherehani akasema.

"Mama yuko ndani," akajibu, akaendelea kuchokonoa simu kwa bisibisi.

Akamkuta mama mkwe jikoni, kwenye kigoda. Kwa kuwa lugha hawakuwa nayo, alitumia mikono na sauti. Alionyesha pete, akajipiga kifua, akaonyesha nje alikokaa mume. "Mimi mke! Mke! Jamani, mnaelewa? Mke!"

Mama mkwe alimwacha amalize.

"Punguza sauti," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha fundi cherehani mwenyewe. "Mtoto amelala."

Fundi cherehani akashika ukuta. "Mama... unajua Kiswahili?"

"Nimeuza vitunguu huko bondeni kabla hujazaliwa. Yote uliyomnong'oneza mwanangu nimeyasikia."

"Kwa hiyo ulijua."

"Tangu mlangoni. Mtumishi gani anamtazama bosi wake kwa macho yale?"

"Na ukanipa ufagio?"

"Mke tunaye, tena ametuzalia. Tulichokosa ni mtu wa kufua." Akageuza shingo kidogo kuelekea moto. "Maziwa yanamwagika hayo."

Wala hakuinuka. Fundi cherehani alifungua kinywa ili amtukane, tusi la kumtoa mtu machozi, na la namna hiyo alikuwa nalo. Alipojitambua, sufuria ilikuwa tayari mikononi mwake, ameiepua kwa pindo la gauni lake. Mama mkwe akapanga vikombe vitatu, chake, cha mwanawe na cha yule mama mtoto, akasubiri amiminiwe.