Fundo Linalokula Kamba

Usiku wa jana niliota Jiwe Upara limenikatalia kupanda.

Jiwe Upara si mlima. Ni jiwe moja la graniti, la kijivu, refu kama ghorofa nne, limekaa peke yake kwenye milima nyuma ya mji wa Iringa. Mimi na Kisinda tulilitoboa wenyewe tukalipigilia pete tisa za chuma, kuanzia chini hadi juu. Ukipanda, unakamatisha kamba yako kwenye kila pete unayoifikia, na mwenzako aliyebaki chini anaishika ile kamba ili ukianguka usifike ardhini. Huyo wa chini tunamwita mshikaji. Kisinda ndiye mshikaji wangu, kwa maana zote mbili.

Katika ndoto nilifika asubuhi, kuna ukungu, nikakuta meza mlangoni pa jiwe. Jiwe halina mlango, lakini sikushangaa. Nyuma ya meza alikuwa ameketi pimbi aliyevaa tai.

"Kamwene," nikamsalimia.

"Kamwene. Shida yako?"

"Nimekuja kupanda."

"Kupanda nini? Wenzako mahindi walipanda Desemba."

"Kupanda jiwe."

Akaandika kwenye daftari. "Jiwe halioti, mama. Lakini shamba ni lako."

Nilitaka kumwambia aache upimbi, nikakumbuka ninaongea na nani.

Jiwe likakohoa. Lilikuwa na sauti ya mama mtu mzima ambaye amesubirishwa foleni.

"Pete tisa mmenivisha," likasema. "Tisa! Na hakuna hata siku moja mliyomtuma mshenga."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mshenga yuko wapi?"

"Yuko njiani," nikadanganya.

Pimbi akagonga meza ili turudi kwenye utaratibu. Sasa, mimi na Kisinda tuna sheria moja ambayo hatujawahi kuiruka. Kabla mtu hajainua mguu, tunakaguana. Mmoja anauliza, "Fundo?" Mwenzake anaonyesha, anajibu, "Fundo." Anaulizwa, "Mshikaji?" Anajibu, "Mshikaji." Basi, unapanda. Pimbi alikuwa ameiandika sheria yetu kwenye ubao, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

"Fundo?" akauliza.

Nikamwonyesha fundo langu lenye umbo la tarakimu nane, kiunoni. Mimi ni fundi cherehani sokoni, na kwa mafundo sijaona wa kunifundisha.

"Hilo nimeliona. Nionyeshe la pili."

"La pili halipo."

"La moyoni."

"Sina fundo moyoni."

Akaivuta tepu yangu ya kupimia nguo, ambayo hata ndotoni huwa naivaa shingoni. Ncha moja akaiweka kifuani pangu, nyingine sikioni mwake. Akasikiliza huku amefumba macho.

"Lipo," akasema. "Limekazwa Jumamosi moja mwezi uliopita. Na limelowa."

Hapa inabidi nieleze. Kwa miezi saba nilikuwa naanguka pale kwenye pete ya saba. Naanguka, natukana, narudi tena wiki inayofuata. Mwezi uliopita nikaenda Mafinga kwenye harusi ya binamu yangu Atuganile. Jumamosi hiyohiyo Kisinda akaenda Jiwe Upara na wageni wake, akaipanda njia yangu. Jioni akanitumia picha yuko juu, dole gumba limesimama. Kwetu wapandaji, njia ambayo mwenzako anahangaika nayo hivyo unamwachia aimalize kwanza, na kuimaliza ni kufika juu bila kuanguka wala kupumzikia kwenye kamba. Kila mtu anajua. Nilimjibu "Hongera!" na maua matatu.

Tangu hapo kila Jumamosi namwambia nina nguo za wateja. Ukweli ni kwamba nakaa dukani nimemkasirikia, na nimemkumbuka, na siwezi kupanda na mtu mwingine. Naogopa tukifika Krismasi hivi, sitakuwa na mshikaji tena.

"Mashahidi!" akaita pimbi.

Yakaingia yale maua matatu, mekundu, kwa mstari mmoja.

"Hatukutumwa kwa moyo mweupe," likasema la kwanza.

"Alitubonyeza kwa nguvu," likasema la pili.

La tatu lilikuwa linalia. Likasema halina la kuongeza.

Pimbi akafunga daftari. "Panda kama unaweza. Ila ujue, fundo linakula kamba."

Hilo halikuwa geni kwangu. Kila fundo linakula kamba, kama pindo linavyokula kitambaa. Sikuona tatizo liko wapi.

Napanda. Pete ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jiwe ni baridi na lina vipele vizuri vya kushika. Ya nne, ya tano. Kwenye ya sita nanyoosha mkono nipake chaki ya kukausha jasho, na mkono unaingia kwenye bakuli la kachumbari.

Niko ukumbini Mafinga. Nimevaa sare ya harusi, ya zambarau, na mkanda wa kupandia juu yake. Ninaning'inia ukutani nyuma ya meza kuu.

"Na huyu ndiye fundi aliyeshona gauni!" anatangaza MC. "Fundi, una neno?"

"Nimebakiza pete tatu," namwambia.

"Bibi harusi anahitaji moja tu."

Shangazi Sekela ananipandishia sahani ya pilau. "Kula kwanza, mwanangu. Ukuta huo hauendi popote."

Nakula kwa mkono mmoja. Kamba yangu inashuka ukutani, inapita kati ya viti, inatoka mlangoni na kuifuata lami hadi Iringa. Naivuta kidogo. Huko mbali mtu anaivuta kidogo kunijibu. Nafurahi, halafu nakumbuka kwamba nimekasirika.

Pete ya saba iko juu kidogo ya kichwa cha bwana harusi. Nainyooshea kamba. Kamba inagoma. Imepungua shibiri moja.

"Legeza!" napiga kelele.

"Nimelegeza yote!" Ni sauti ya Kisinda, kutoka Iringa, kana kwamba yuko jikoni. "Kuna kitu kinaila!"

Pimbi anachungulia kutoka chini ya meza kuu. "Sentimita tatu kwa siku," anasema. "Likimaliza kamba linaanza mshikaji."

Nikaogopa kweli. Sahani ikaniponyoka, pilau likammwagikia bwana harusi.

"Nalifunguaje?"

"Wewe si ndiye fundi? Ulilifunga ulipoandika hongera. Sema ulichotaka kuandika."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Watu wameshakula," akasema pimbi. "Wana muda."

Ukumbi mzima ulikuwa umegeuka kunitazama. Nikavuta pumzi.

"Kisinda! Uliipanda njia yangu nikiwa harusini!"

"Aliipanda njia yake akiwa harusini!" akarudia MC kwenye kipaza sauti. Vigelegele.

"Na iliniuma!"

"Na ilimuuma!" Vigelegele tena, na Shangazi Sekela akasimama akacheza.

"Na nimekukumbuka, mjinga wewe!"

MC akashusha kipaza sauti. Hilo alimwachia Kisinda alisikie mwenyewe.

Kifuani kitu kikalegea. Nilikisikia kabisa, mzunguko mmoja, halafu wa pili, halafu ukumbi haupo. Niko Jiwe Upara, ukungu umeondoka, na Kisinda yuko chini yangu na kofia yake ameigeuza nyuma, kamba mikononi.

"Tuli," akasema. Jina langu ni Tulinagwe, lakini yeye hajawahi kulimaliza. "Sikuipanda. Pale kwenye pete ya saba niliketi kwenye kamba. Nikapumzika dakika tano nzima. Haihesabiki."

"Na picha?"

"Picha ilipigwa baadaye. Nilitaka kukwambia, ukanitumia maua. Nikaona aibu."

Jiwe likasema, "Mimi nilijua, ila hakuna aliyeniuliza."

Nikacheka. Nilicheka mpaka vidole vikasahau kazi, mkono ukateleza, nikaanguka. Mwezi mzima nilikuwa sijaanguka mikononi mwa mtu. Pete ya sita ikapita, ya tano ikapita.

Akanishika.

Nikabaki naning'inia, nazunguka polepole, naona milima yote. Viganja vya Kisinda vilikuwa vyekundu. Nikamwambia asante, akaniambia acha hizo.

"Vizuri sana," likasema jiwe. "Sasa, habari ya mshenga."

Mimi na Kisinda tukatazamana. Kisha Kisinda akamgeukia pimbi, akavua kofia.

"Mzee, wewe je?"

Pimbi akalegeza tai. Akasafisha koo. Akafungua mdomo, na mimi nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Jua limeshaingia chumbani, jirani anasukuma pikipiki yake isiyowaka. Nililala pale nikitazama dari na kujisikia mwepesi, nikasema kimoyomoyo kwamba ndoto ni ndoto, na leo kuna suruali za sare za shule za kumalizia.

Simu ikalia. Ujumbe, Kisinda.

"Tuli kamwene. Kuna jambo nimelikalia mwezi mzima. Ile picha. Pete ya saba niliketi kwenye kamba, haihesabiki. Njia bado ni yako. Pole sana. Nilipaswa kukusubiri."

Niliusoma mara tatu. Watu huomba radhi, nikajiambia. Huenda ni bahati tu. Machozi yalinitoka hata hivyo, na sikuyafuta.

Nikamjibu: "Iliniuma. Yameisha." Nikaweka ua moja. Lilikwenda bila kunung'unika.

Kisha, kwa utani tu, maana asingeweza kuelewa, nikaongeza: "Jumamosi twende. Ila jiwe linataka mshenga."

Nikasubiri aniulize mshenga gani.

Jibu likaja kabla sijaweka simu chini: "Uliamka mapema. Pimbi amekubali."