Mwandiko wa Mtu Mwingine

Kwa miaka kumi na tisa, mhariri wa mafumbo ya maneno alijibu barua za washindani kwa utani. Aliyeuliza kama "ng'" inakaa kisanduku kimoja au viwili alijibiwa: viwili, ng'ombe mwenyewe ni mkubwa.

Jumanne moja, mama mtu mzima akaingia ofisini kwake na bahasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Ndani mlikuwa na fomu ya fainali ya shindano la mafumbo la gazeti, na barua yenye saini ya mhariri mwenyewe: Umeondolewa kwa udanganyifu. Kanuni ya nne inataka fomu ijazwe na mshindani mwenyewe.

"Mwandiko umebadilika katikati," mhariri akaeleza. "Tukaona amejaziwa."

"Ni wangu, mwanangu. Mume wangu alipata kiharusi akiwa hapo, kumi na saba kwenda chini. Mkono ukafa, ulimi ukabaki. Akawa ananitajia herufi moja moja, naandika. Mimi mafumbo siyajui. Kuna neno nilimbishia kwamba halipo, akacheka mpaka akapaliwa."

Mhariri akatabasamu. Mama hakutabasamu.

"Barua yenu nilimsomea mimi. Laiti ningeificha! Siku tisa alizobakiza, kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia, 'Mimi sikuiba jibu.' Wajukuu, daktari, hata mfagizi wa wodi. Tumemzika Ijumaa."

Mhariri akasema, "Pole sana, mama. Nitamrudisha kwenye orodha ya washindani."

"Orodha ya nini tena? Wewe eleza hiyo kanuni. Kujaza ni nini? Ni kujua au ni kushika kalamu?"

Mhariri akainamia fomu, akaikagua kisanduku kwa kisanduku. Kosa lilikuwa moja tu, tena kwenye mwandiko wa mama: palipotakiwa "d" aliandika "t". Bila shaka alisikia vibaya.

"Alipatia yote?" mama akauliza.

"Yote, mama."

Mama akafuta macho kwa kiganja, akaomba arudishiwe fomu, akaikunja taratibu, akaondoka.

Mhariri alishinda mezani akiandika na kufuta. Jumamosi, juu ya fumbo jipya, wasomaji walikuta ufafanuzi bila utani wowote: kujaza ni kujua jibu, na asiyeweza kuandika aandikiwe na yeyote. Chini yake, jina la marehemu, na neno samahani.

Wiki hiyo barua nyingi zilimpongeza. Hakujibu hata moja.