Darasa Zima Tuliandika Pinki

Mtaani wananiita Rubani. Sijawahi kupanda ndege hata siku moja, na wanaoniita hivyo wanajua sijawahi, ndiyo maana wananiita. Jina lilitoka kwa mdogo wangu wa kike. Yuko kidato cha tatu na mdomo wake hauna breki. Siku ya kwanza niliyorudi nyumbani nimevaa ovaroli ya mjomba, imenipwaya kama hema, alisimama mlangoni akanipigia saluti.

"Karibu, Rubani. Ndege umeiegesha wapi?"

Mama alicheka mpaka akatua sufuria chini. Basi, jina likashika.

Nilikuwa nimemaliza shule, matokeo yametoka, na nimechoka kukaa. Kukaa kunachosha kuliko kubeba matofali, usiombe. Unaamka, unafagia uwanja, unachota maji, kazi zimekwisha na bado ni asubuhi. Baba anapita, anakohoa, na wewe unajua kabisa kwamba hana kikohozi, anakohoa kwa ajili yako. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyeniokoa. Alikuja akasema, "Huyu nipeni niende naye uwanjani. Angalau ashike spana."

Mjomba ni fundi kwenye uwanja wa ndege wa mji wetu. Ni uwanja mdogo: njia moja ya kurukia, ukumbi wa abiria wenye feni mbovu, na hanga moja. Hanga ni lile banda kubwa la bati ndege zinamotengenezewa. Letu lilijengwa zamani, enzi za vindege vya kubeba barua. Ndege zimerefuka, banda limebaki vile vile. Kwa hiyo wanaisukuma ndege ndani kwa pua, inaingia, inaingia, pua inataka kubusu ukuta wa nyuma, na mkia bado uko nje. Mlango haufungiki. Mvua ikinyesha, fundi wa injini anafanya kazi pakavu na fundi wa mkia analowa. Fundi wa mkia ni mjomba.

Anafunga turubai juu ya mkia, analivuta kwa kamba, anaingia chini yake na ngazi yake. Mwaka jana ngazi iliteleza. Aliangukia mkono wa kulia, mfupa ukaunga vibaya, na mpaka leo akikupa mkono ni kama anataka kukuelekeza njia. Hataki huruma. Ukimuuliza anasema, "Mkono umejifunza kupiga kona."

Sasa uelewe nilivyofurahi niliposikia baraza la mji linataka kurefusha hanga. Kampuni moja ya ndege ilikuwa tayari kuleta ndege zake zitengenezwe kwetu, ilimradi ziingie ndani mkia na pua. Na zingefunguliwa nafasi mbili za vijana wa kujifunza ufundi, watoto wa hapa hapa mjini. Nilianza kulala nikiota nati.

Nyumbani nilitangaza wakati tunakula. Mdogo wangu akaacha kutafuna.

"Pesa zinatoka wapi?"

"Baraza."

"Baraza wapi? Fungu gani?"

"Sijui fungu. Wewe kula."

"Ni za maabara yetu, kaka," alisema. "Mwalimu mkuu ametuambia leo asubuhi. Wanataka kuzihamisha."

Baba akainua kichwa. Mimi nikashusha changu.

Maabara ya shule yetu naijua. Ni kuta zilizofika usawa wa madirisha, hazina paa, zimesimama hivyo tangu mimi naingia kidato cha kwanza. Ndani yake pameota majani, na walinzi walikuwa wanaanika nguo humo. Mwaka huu ndipo pesa za kuimalizia zilipopatikana. Na sheria inasema pesa zikishatengwa kwa kazi ya shule, hazihamishwi mpaka wazazi wakubali kwenye mkutano, kwa kunyoosha mikono.

"Itasubiri mwaka mmoja tu," nilisema. Ndivyo meneja wa uwanja alivyokuwa anasema.

"Mwaka mmoja ndio mtihani wangu. Nao utanisubiri?"

"Sisi mbona tulifanya bila maabara?"

Alinitazama. Akanisogezea bakuli la mboga, na mdogo wangu akikusogezea mboga ujue amekuhurumia. Afadhali angenitukana.

Maana sisi kemia tulijifunza kwa chaki. Mwalimu wetu alikuwa anajitahidi, maskini, Mungu shahidi. Alikuwa anashika kalamu ya wino, anaigeuza kichwa chini, anasema hiki ndicho kile kichupa kirefu cha kudondoshea dawa. "Tone. Tone. Tone. Haya, tazameni, imebadilika!" Na sisi, darasa zima, kwa sauti moja: "Imebadilika!" Halafu anachukua chaki ya pinki, anapaka duara ubaoni, analifuta. Ilikuwa pinki, sasa haina rangi. Andikeni. Tukaandika. Tukakariri. Hata ungetuamsha usingizini tungekwambia: pinki, kisha haina rangi.

Siku ya mtihani wa vitendo vifaa vililetwa vya kuazima, tukapangwa kwenye bwalo la chakula. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika kile kichupa kirefu. Nikadondosha. Maji ndani ya chupa yalikuwa ya njano. Njano kabisa, kama mafuta ya kupikia. Yakaenda yakaenda, yakageuka rangi ya chungwa. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili. Na kwenye karatasi nikaandika: pinki, kisha haina rangi.

Kumbe walikuwa wametuletea dawa nyingine, siyo ile ya ubaoni. Tulipotoka nje tukaulizana. Wewe uliona nini? Njano. Umeandika nini? Pinki. Na wewe? Pinki. Darasa zima. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Matokeo yalipotoka hakucheka mtu.

Basi kule hangani, meneja wa uwanja aliniita ofisini kwake. Ni mtu muungwana, sitamsingizia. Alinikaribisha kiti. Akasema zile nafasi mbili zinataka fizikia na kemia. Fizikia ninayo. Kemia sina.

"Lakini wewe ni mpwa wa fundi wetu," alisema. "Tutakuangalia kwa jicho jingine. Na kwenye mkutano wa wazazi, itapendeza kijana aliyesoma pale asimame aseme neno. Wazazi wanasikiliza zaidi vijana wenyewe wakisema."

Nilisema sawa. Ungesema nini?

Jioni ile ile mjomba alikuwa anakagua magurudumu. Aliniita, akanionyesha tairi la kushoto.

"Unaona nini?"

"Tairi zima, mjomba."

"Umeliangalia?"

"Tuliliangalia jana."

"Jana ilikuwa jana. Sikuulizi unachojua. Nakuuliza unaona nini."

Nikachuchumaa. Chini kabisa, karibu na sakafu, kulikuwa na mchaniko kama mdomo wa samaki. Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Hapa kila mtu anaona anachokitarajia. Ndege haina shida na hilo. Wenye shida ni waliokaa ndani," akaenda kutafuta jeki. Mimi nikabaki nimechuchumaa pale, na kilichonijia kichwani siyo tairi. Ni yale maji ya njano.

Mkutano ulifanyika kwenye bwalo lile lile la chakula. Wazazi walijaa, wengine wamekaa juu ya meza. Baba na mama walikuwa mbele. Mjomba naye alikuja, mwanawe wa mwisho anasoma pale, akakaa karibu na meneja. Mdogo wangu na wenzake walikuwa wanachungulia madirishani, wanafukuzwa, wanarudi. Nyuma kabisa alisimama mwalimu wa kemia, anachezea kalamu.

Meneja aliongea vizuri. Kazi, biashara, mji kukua. Watu walikuwa wanaitikia kwa vichwa, na kusema kweli alikuwa haongopi. Kisha akasema, "Tumsikie kijana wetu." Nikasimama. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Rubani, tupeleke taratibu!" Bwalo likacheka.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu asubuhi, yanaanza na "Ndugu wazazi, maendeleo..." Nikafungua mdomo, nikamwona mwalimu na ile kalamu yake, maneno yote yakatoroka.

"Mimi nasema nilichokiona," nilianza. "Hanga ni fupi. Mkia unabaki nje. Mjomba wangu yule pale anafanya kazi akinyeshewa, na aliangukia mkono. Hanga linatakiwa lirefushwe. Hilo ni kweli."

Meneja akatabasamu. Mjomba akakunja mkono wake mbovu akauficha, hapendi kuonyeshwa.

"Kingine nilichokiona, nilikiona humu humu. Ile meza pale ndiyo niliyofanyia mtihani wa kemia." Nikawaeleza. Njano ile, chungwa lile, na nilichoandika. Watu wakaanza kucheka, mama mmoja akapiga makofi kabisa. Nikasema, "Msicheke, mama. Mwanao tulikuwa naye. Na yeye aliandika pinki." Akashusha mikono yake mapajani.

"Zile nafasi mbili za hanga zinataka kemia. Mwaka wetu hakuna mwenye kemia hata mmoja. Wadogo zetu nao wakifanya kwa chaki, hatapatikana. Hanga litakuwa refu, mkia utaingia, na sisi ndio tutabaki nje."

Hapo ningeweza kukaa. Nilitamani sana kukaa. Lakini mjomba alikuwa ananitazama, na nilijua kuna sehemu ya tairi sijaisema.

"Mimi nimeambiwa nitaangaliwa kwa jicho jingine," nilisema. "Mimi mmoja. Kwa sababu nina mjomba. Sijui ambao hawana mjomba wataangaliwa na jicho gani."

Meneja aliinama akawa anatafuta kitu chini ya kiti ambacho hakikuwepo. Mjomba hakuinama. Alinitazama tu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefungiwa mlango na mtoto wake mwenyewe.

Wakapiga kura. Mimi sina mtoto, kwa hiyo sikuwa na kura, nilisimama tu pale kama mwiko. Wanaokubali pesa zihamishwe wanyooshe mikono. Ikanyooshwa michache. Mmoja ulikuwa umepinda kifundoni. Baba alikuwa amefumbata mikono. Wanaokataa? Sikuhitaji mtu anihesabie, maana madirishani mdogo wangu na wenzake walikuwa tayari wanaruka, wananyoosha na ya kwao ambayo haikuruhusiwa.

Nyumbani baba hakukohoa siku ile. Mama ndiye aliyekuwa anagongesha vyombo, maana mjomba ni kaka yake. Mwisho akasema, "Umesema kweli. Lakini ungemwambia kwanza nyumbani." Mdogo wangu aliniletea chai bila kuombwa, akaiweka, akasema, "Karibu, kaka." Siyo Rubani. Ikaniuma zaidi.

Mjomba hakupita kwetu kwa siku nyingi. Mimi nikawa naifua ile ovaroli, naianika, naikunja, naiangalia. Mwisho nikaichukua nikaenda. Njiani mvua ikaanza.

Nilimkuta juu ya ngazi, mkiani, turubai limefungwa upande mmoja tu, upande mwingine unapigwa na upepo kama shuka. Nikasimama kwenye mvua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimerudisha ovaroli."

"Weka pale ndani."

Nikaiweka. Nikatoka. Alikuwa anang'ang'ana na nati kwa ule mkono uliojifunza kupiga kona, maji yanamchuruzika shingoni.

"Ile kampuni imesema itatafuta uwanja mwingine," alisema bila kugeuka. "Meneja anasema labda bajeti ijayo. Labda."

"Nimesikia."

"Na zile nafasi hazipo."

"Najua, mjomba."

"Unajua." Akavuta pumzi. "Paa la maabara wameanza?"

"Mbao zimeletwa. Mdogo wangu anakwenda kuzikagua kila siku kama mkandarasi." Nikasita. "Mwalimu ameniambia naweza kurudia kemia pamoja nao. Nitakaa dawati moja na mdogo wangu."

"Na yeye amekubali?"

"Amesema nisimwangalizie."

Mjomba akatoa sauti puani. Sijui kama ni kicheko. Upepo ukaja wa nguvu, kona ya turubai ikafyatuka, ngazi ikatikisika, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeidaka ile kona kwa mikono miwili. Turubai lilivuta kama ng'ombe. Maji yote yaliyokuwa juu yake yakanimwagikia mimi kichwani.

Mjomba alisubiri ngazi itulie. Kisha akashuka daraja moja, akanitazama nilivyolowa.

"Vaa ovaroli," alisema.

"Nikienda kuvaa nitaliachia, mjomba."

Akafikiri kidogo.

"Basi shika hapo hapo," akasema, akapanda tena kwenye nati yake.

Nikashika.