Soseji za Mkutano wa Wanahisa

Shemeji yangu Wendelin alikuwa na hisa nyingi kuliko mzee yeyote wa mji wetu, zake na za marehemu dada yangu. Siku ile alikuja mkutanoni kwa jambo moja tu: kusema hapana. Kampuni ilitaka kuuza kiwanda cha masufuria kwa mnunuzi ambaye angekifunga, na Jörn, mwanawe wa pekee, alikuwa fundi wa tanuri pale. Ili kiuzwe zilitakiwa robo tatu za kura. Sisi wapinzani tulikuwa tunavuka robo kwa shida, na bila Wendelin tumekwisha.

"Gerlinde," aliniambia tukiketi, "leo watanijua mimi ni nani."

"Kwanza funga vifungo, shemeji. Tumbo limeshaanza kuhutubia."

Mkurugenzi, Bwana Brackmann, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Alisema kwa upole kabisa: "Mabibi na mabwana, mimi ni mwajiriwa wenu. Kazi yangu ni kuongeza mali yenu. Kiwanda kikiuzwa, hisa zitapanda. Kikibaki, zitashuka. Kama mnataka kingine, semeni leo."

"Na wanaofanya kazi mle?" nilipaza sauti.

"Nawaheshimu sana, mama. Lakini bosi wangu ni wewe."

Lo! Nikakaa.

Kila mwaka kampuni hutulisha soseji na saladi ya viazi pale ukumbi wa nje. Wapo wanaokuja kwa hilo tu, na vibakuli vya kubebea nyumbani. Mwenyekiti alikuwa bado anasoma taarifa ya wakaguzi wakati harufu ilipotufikia. Wendelin akasimama.

"Naenda mara moja. Kura bado."

"Kaa chini, wewe!"

"Njaa haijui mkutano, shemeji." Akaenda zake.

Kwetu hawahesabu ndiyo. Wanakusanya kadi za hapana, na kila aliyeandikishwa mlangoni, asipotoa kadi hiyo, anahesabiwa amekubali, awe kitini, awe kwenye soseji. Wendelin aliyajua hayo tangu ujana wake. Mwenyekiti alitangaza kura, kipaza sauti cha nje nacho kikatangaza, lakini kule sahani zilikuwa zinagongana na wazee wanacheka. Nilitoa kadi yangu, nikatoka mbio kumtafuta. Nilimkuta kwenye foleni ya sahani ya pili.

"Kura, wewe mtu! Kura!"

Alikimbia, maskini, na uma mkononi. Sanduku la kura lilikuwa limefungwa.

"Sijapiga kura mimi!" alimwambia karani.

"Umepiga, mzee. Umekubali."

Mla cha mwenzie na chake huliwa. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaishia kumwondolea uma mkononi. Bwana Brackmann alitushukuru kwa imani yetu.

Jörn alikuwa anatusubiri kwenye gari, bado na nguo za kazi. Matokeo alikwisha kuyasikia.

"Si kitu, baba. Ulipinga, ndilo muhimu."

Wendelin alishika mlango wa gari, asiufungue.

"Nilikuwa nje, mwanangu. Nilikuwa nakula."

Nilitamani kijana apige kelele, atukane, lolote. Alitoa simu mfukoni, akatazama bei ya hisa sokoni, akamwonyesha baba yake.

"Zimepanda," alisema. "Hongera."