Majina Kwenye Magauni Madogo

Kiti cha kwanza kilimpata mama mdogo begani, cha pili jichoni. Waliovirusha ni wasichana aliowapima viuno juma lililotangulia, akiwatania kwamba wanaficha mikate.

Tulikuwa tunafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza kuhusu kesi za wachawi. Mimi, niliyeogopa hata mende, nilipewa nafasi ya binti anayeanguka na kumnyooshea kidole mtu asiye na kosa. Mwalimu alinifundisha kuanguka: toa pumzi, tanguliza goti, malizia kwa bega. Ukifanya hivyo, alisema, hata sakafu ya saruji haikuumizi.

Mshonaji wetu alikuwa mama mdogo, aliyenilea tangu nina miaka minne. Hakukata kitambaa kabla ya kushona kwanza gauni la majaribio, urefu wa kiganja, kwa mabaki. Kila msichana alikuwa na lake, lina jina kifuani na pini kila palipotakiwa kupunguzwa. Majina niliyaandika mimi, maana mwandiko wake yeye ulikuwa wa kuku.

Asubuhi ile ukumbi ulifukuta joto, madirisha yamezibwa kwa mapazia mazito, na hatukuwa tumekunywa chai. Katikati ya onyesho la mahakama akaanguka Njiti, mwembamba kuliko sote. Huyu hakufundishwa. Povu lilimtoka mdomoni. Wa pili akaanguka, wa tatu akapiga mayowe kwamba kiuno kinamchoma. Mmoja alikimbilia chumba cha mavazi kutafuta maji, akarudi na sanduku la mama mdogo. Magauni saba, majina saba. La Njiti ndilo lililokuwa na pini nyingi zaidi.

Mwalimu alijaribu kuwazuia, wakamsukuma nje na kufunga mlango. Kufumba na kufumbua walikuwa juu ya mama mdogo, aliyekuwa pembeni akishona. Walimpiga kwa viti mpaka miguu ya viti ikakatika, kisha wakatumia hiyo miguu. Mmoja alimkanyaga vidole kwa kisigino, kimoja baada ya kingine, huku mwenyewe akilia kwa hofu. Mwingine alishika mkasi. Mimi nilijibana ukutani.

Mama mdogo alinitafuta kwa jicho lililobaki.

"Mwanangu, waambie nani aliandika hayo majina."

Wote wakageuka. Mwenye mkasi naye akageuka. Neno moja tu lingetosha, nami nililijua.

Nilitoa pumzi. Nikatanguliza goti. Kidole changu kilikuwa kimeshamwelekea yeye kabla bega halijagusa sakafu.

Aliponea chupuchupu, walinzi walipovunja mlango. Tangu hapo hajashona. Ni miaka ishirini na mbili sasa kila asubuhi namfunga vifungo, kwa sababu vidole vyake havikunjiki, na najichukia kwa kila kifungo. Hatujawahi kulizungumza jambo lile. Ila jana, nikiwa nimefika kifungo cha tatu, aliniuliza:

"Siku ile ulivyoanguka, uliumia?"

Nikamwambia hapana.

"Afadhali," akasema, akanisogezea mkono wa pili.