Ngozi Nne za Nyamahanga

Baba alipanga maharage kwenye ungo. Mekundu yalikuwa ng'ombe, ya madoadoa yalikuwa ndama. Kwetu Kanazi ng'ombe hanyooshewi kidole akahesabiwa. Wazee wanasema ni kuita kifo zizini. Kwa hiyo baba alihesabu maharage.

"Nilianza na hawa sita," alisema, akatulia kidogo kukohoa. "Mwaka wa kwanza ndama sita. Mwaka wa tatu mitamba nao wanaanza kuzaa. Na huu ndio mwaka wa tano, Deodata mwanangu; nitakaa tu, nauza madume nakunywa maziwa."

Ungo ulikuwa umejaa. Mama aliutazama kama mtu anayetazama karamu ya jirani.

Baba alikuwa na miaka arobaini na sita, msimamizi wa vibarua wa barabara ya Biharamulo. Vumbi la kokoto lilikuwa limeingia kifuani likakataa kutoka. Mganga alimwambia aachane nalo, la sivyo asimlaumu mtu. Lakini akiacha kazi kabla ya wakati wake, ofisi isingempa cha kutegemea. Kaka yangu Modestus, ambaye angetushika mkono, alikuwa vitani Uganda, na tangu Januari hatukujua kama yu hai. Tegemeo lilibaki kwa ng'ombe. Tulipohamishiwa kijijini mwaka sabini na nne tulikosa malisho, baba akawapeleka Nyamahanga kwa rafiki yake Sindayigaya awalee. Mlezi hunywa maziwa, na kila ndama wa tatu ni wake.

Baba alikuwa ameshamwambia bwana mkubwa wake kwamba mwisho wa mwezi anaondoka.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha mifugo. Nilijua kwamba ng'ombe wetu, kwa majani yetu, akijitahidi sana huzaa mara mbili katika miaka mitatu. Nusu ya ndama ni madume. Na pasipo josho, ndigana, ile homa ya kupe, huchukua wake kwanza; tangu vita vianze, dawa ya josho haikuonekana tena. Ndama wa mlezi pia baba hakuwatoa kwenye ungo. Niliyajua yote hayo, na ulimi ulikuwa mzito.

"Baba, huenda..."

"Huenda nini?"

"Huenda wengine hawakushika mimba. Huenda hata... wengine wamekufa."

"Wamekufa!" Alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Ng'ombe akifa, mlezi analeta ngozi kwa mwenyewe. Wewe umeona ngozi hapa?"

"Msikilize mtoto, amesoma," mama alisema.

"Amesoma ng'ombe wa Wazungu."

Kesho yake niliomba nafasi kwenye lori la ujenzi, niende Nyamahanga nikajionee. Vibarua wa baba walinipandisha juu ya mapipa ya lami, wakanitania njia nzima kwamba napelekwa kuolewa. Niliangalia chini.

Sindayigaya alikuwa ametoka Burundi mwaka sabini na mbili na mkewe Speciose na jembe moja. Nilimkuta uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti wa Leonidas. Baba hajambo?"

"Hajambo," nikasema, kwa kuwa ndivyo watu husema.

Speciose alinikaribisha uji. "Msomi kaja! Chuoni siku hizi wanawafundisha kuhesabu mikia?"

Nilicheka kidogo, kisha nikatazama zizini. Niliona ng'ombe wawili, na ndama mmoja dume ambaye mbavu zake zilionekana kutoka nilipokaa. Sikuhesabu kwa kidole. Haikuhitajika.

"Wengine wako malishoni?" nikauliza.

Mzee aliinuka. Aliingia ndani, akatoka amebeba ngozi, nne, zimekaushwa vizuri na kukunjwa kama mablanketi. Aliziweka miguuni pangu.

"Ndigana," alisema. "Wa mwisho alikufa kabla ya Krismasi. Ndama hata siwataji, walikuwa wanakufa na kitovu kibichi. Mara mbili nilianza safari na ngozi hizi. Kizuizi cha kwanza tu, mgambo wananiuliza: wewe Mrundi, ngozi za ng'ombe wa watu umezipata wapi? Mara ya pili nililala ndani."

"Ungetuma hata neno, mzee."

"Neno bila ngozi?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Baba yako angesema nimewauza. Ningekuwa nani mbele yake?"

Speciose alikuwa ameacha utani. Alifuta macho kwa khanga.

Lori lilirudi jioni. Vibarua walizipakia ngozi bila mzaha wowote, na kwenye vizuizi hakuna aliyepekua gari la serikali.

Baba alikuwa mlangoni. Aliziona kabla hazijashuka. Ngozi hazina mwiko; alinyoosha kidole akahesabu, polepole, hadi nne. Kisha akaingia ndani, akaketi mbele ya ungo.

"Panga wewe," aliniambia. "Kama ulivyofundishwa."

Nilipanga. Niliacha mekundu mawili. Niliweka moja la madoadoa, la pili nikalisogeza mbele mwaka mzima. Moja nikalitoa la ndigana, moja nikalitoa la Sindayigaya. 

"Ili nikae," baba aliuliza, "miaka mingapi?"

"Kumi na miwili, baba. Vita vikiisha na dawa ikirudi."

"Na kifua hiki? Chuoni walikwambia kinakaa miaka mingapi?"

Nilitaka kumwambia aache kazi hata hivyo, nitalima, nitatafuta ajira, Modestus atarudi. Niliitazama kila ahadi kama nilivyoutazama ule ungo wake, nikaona imejaa ndama ambao hawajazaliwa. 

Mama aliinama, akakusanya maharage yote, mekundu na ya madoadoa, akayaosha, akayatia chunguni. Hakukuwa na mboga nyingine.

Asubuhi baba alivaa viatu vyake vya kazi. Alijifunga kitambaa puani, kile ambacho mama alikuwa ameshakifanya cha kushikia sufuria.

"Naenda kumwambia bwana mkubwa nilikosea hesabu," alisema. "Labda hajapata mwingine."

Alipofika kwenye mteremko alisimama kukohoa, ameshika magoti. Nilisubiri ageuke arudi. Akajinyoosha, akaendelea kushuka kuelekea barabarani.